Kichwa Kimepona, Mtu Bado

Ukitoka Chalinze kuelekea Morogoro, kabla hujaumaliza mkoa wa Pwani, unapita Ubena. Usiichanganye na Ubena ya Wabena wa Njombe. Hii ni Ubena Zomozi, nchi ya Wakwere, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa wilaya ya Bagamoyo kabla Chalinze haijapewa halmashauri yake. Barabara kuu inaipasua katikati. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani, na pembeni bodaboda zinazotoka kwenye vumbi na kuingia lami bila kuuliza. Sijawahi kukaa na familia kule ikakosa hadithi ya ajali.

Hadithi hizo huishia pamoja. Kijana aligongwa, akakimbizwa Tumbi pale Kibaha, akapelekwa Muhimbili, akapasuliwa kichwa, akafumbua macho, Mungu mkubwa. Hapo msimuliaji ananyamaza. Ukiuliza "na sasa yukoje?" unajibiwa "yupo tu." Ni hilo "yupo tu" lililonifanya nianze kusoma historia hii, maana katika familia yetu pia tulikuwa na mtu wa namna hiyo.

Mjomba wangu alikuwa seremala. Alianguka kutoka kwenye pikipiki akapasuka fuvu, akalazwa wiki kadhaa, akarudishwa nyumbani na vidonge vya kuzuia degedege na karatasi inayosema hali yake inaridhisha. Na kweli ilikuwa inaridhisha: anakula, anatembea, anasalimia. Mwezi wa nne akaanza kujifungia chumbani. Mteja akija anasema hayupo, na anasema mwenyewe, mlangoni. Majirani wakagawanyika, wengine wakisema amekuwa mvivu, wengine amekuwa na jeuri, na wachache, kwa sauti ya chini, kwamba amechezewa. Mkewe ndiye aliyesema sentensi niliyoiweka juu kama kichwa cha makala hii.

Kwa Kiswahili cha hospitali za Tanzania hali hiyo inaitwa sonona. Ukivuka mpaka kwenda Kenya utakuta unyogovu. Mtaani tunasema "mawazo", na nadhani mtaani wamepatia zaidi, kwa sababu "mawazo" linaacha nafasi ya kuuliza: mawazo gani? Mwaka 2010 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 559 waliolazwa kwa kuumia ubongo. Ndani ya mwaka mmoja, asilimia 53 walifikia kiwango cha kuitwa wagonjwa wa sonona. Zaidi ya nusu. Kwa hiyo "yupo tu" si tabia ya mtu mmoja wa Pwani.

Sasa, kwa nini huku kwetu jambo kubwa hivi halikuwa na jina kwa muda mrefu? Sehemu ya jibu iko Nairobi, kwenye hospitali ya Mathari, na inamhusu daktari mmoja wa Kikoloni.

J. C. Carothers alifika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali. Mwaka 1938 akakabidhiwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili, bila kuwa amesomea rasmi magonjwa hayo. Akaiongoza mpaka 1950. Alihesabu wagonjwa wake, akaona Waafrika wenye sonona ni wachache mno, akatoa hitimisho kwamba Mwafrika kwa asili hapati sonona, kwa kuwa hana ule mzigo wa kujilaumu alionao Mzungu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu, The African Mind in Health and Disease, kikasomwa dunia nzima kama kauli ya mtaalamu.

Lakini kilichonikalisha chini ni makala yake ya 1951. Miaka hiyo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuwa wanawakata wagonjwa wa akili nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo, upasuaji ulioanzishwa na Mreno Egas Moniz mwaka 1935 na kumpatia tuzo ya Nobel mwaka 1949. Waliokatwa wengi walitulia, wakawa hawana haraka, hawana mipango, hawana majonzi. Carothers akasema Mwafrika mzima, asiye na ugonjwa wowote, anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo. Yaani ubongo wetu mzima ulifananishwa na ubongo wa mwenzetu uliojeruhiwa. Hebu sasa mfikirie Mwafrika aliyejeruhiwa ubongo kwelikweli, mathalani askari wa King's African Rifles aliyerudi kutoka Burma na kipande cha chuma kichwani. Kwa macho ya nadharia ile, kuna nini cha kutibu? Akikaa kimya kutwa chini ya mwembe, ni Mwafrika tu.

Kosa la hesabu yake halihitaji shahada kulielewa. Mathari ilipokea waliokamatwa na polisi, waliovua nguo sokoni, waliochoma nyumba. Mtu wa sonona hachomi nyumba, analala. Ndugu zake hawamlipii nauli ya Nairobi kwa kosa la kulala. Carothers alihesabu waliofika, akadhani amehesabu waliopo.

Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961 katika Les Damnés de la Terre, kitabu tulichokipata kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa, kwenye sura ya vita na magonjwa ya akili. Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili kule Algeria, kwa hiyo hakuwa anabishana kisiasa peke yake. Jibu la takwimu lilikuja baadaye: mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, wakiwa wamewafuata watu majumbani badala ya kuwasubiri hospitalini. Sonona waliyoikuta ilizidi ile iliyokuwa imepimwa kwa wanawake wa Camberwell, London.

Na katikati ya Fanon na Orley, wasomaji wa blogu hii mnajua, kuna Kezilahabi. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974. Kazimoto ni mtu anayejilaumu mpaka anajiua. Sidhani kama Kezilahabi aliandika riwaya nzima ili kumjibu daktari wa Kenya, ila kila nikiisoma nafikiria kwamba miaka 21 baada ya kitabu cha Geneva, kijana wa Ukerewe alikuwa anaandika kwa Kiswahili, kwa undani wa kutisha, kuhusu kitu ambacho wataalamu walisema hakipo.

Wakati huo upande wa pili wa dunia walikuwa wamefika wapi? Tiba ya mazungumzo kwa walioumia ubongo ni mtoto wa vita. Vita ya kwanza ya dunia, ile iliyoiacha Kariakoo na jina lake la wapagazi na kuwafikisha Waingereza Bagamoyo mwezi Agosti 1916, ilijaza hospitali za Ujerumani wanajeshi vijana wenye matundu ya risasi kichwani. Frankfurt, daktari Kurt Goldstein akawafungulia taasisi yao. Aliona kitu ambacho mkewe mjomba angemwelewa mara moja. Ukimpa mgonjwa kazi ndogo aliyokuwa anaiweza zamani, akashindwa, hakasiriki kama mtu aliyeshindwa kazi. Anaporomoka mzima: anatetemeka, analia, anakimbia. Kisha anajifunza kujificha na kila kitu kinachoweza kumwonyesha kwamba hawezi. Mlango unafungwa, mteja anaambiwa hayupo. Goldstein, kwa kuwa Myahudi, alikamatwa na Wanazi mwaka 1933 akakimbilia uhamishoni. Mawazo yake yakasafiri naye.

Vita ya pili ikaja na mgonjwa ambaye watu wa fasihi tungemchukua awe wetu. Lev Zasetsky, luteni wa jeshi la Kisovieti, alipigwa risasi ya kichwa mwaka 1943. Akafika kwa Alexander Luria, mwanasaikolojia, katika hospitali ya huko Ural. Alikuwa haoni upande mmoja, neno analolitaka halimjii, akiandika sentensi hawezi kuisoma. Lakini mkono wake ulikumbuka kuandika bila kufikiri herufi, na kwa njia hiyo aliandika, siku nyingine nusu ukurasa tu, kwa miaka ipatayo 25, kurasa kama 3,000. Luria alichapisha hadithi yake mwaka 1971, na kwa Kiingereza inaitwa The Man with a Shattered World. Zasetsky hakupona. Aliandika akijua hatapona. Luria hakumwambia "jitie moyo", alimtafutia kitu kimoja ambacho ubongo wake ulikuwa bado unakiweza, kisha akakaa karibu.

Baada ya vita ya 1973 ya Mashariki ya Kati, Yehuda Ben-Yishay alianzisha huko Israeli utaratibu wa majeruhi wa ubongo kushinda pamoja kutwa nzima, mazoezi na mazungumzo ya kikundi, kisha akauendeleza New York. Mwaka 1986 George Prigatano na wenzake wakatoa kitabu kilichosema wazi kwamba tiba ya mazungumzo ni sehemu ya kumrekebisha mtu aliyeumia ubongo, wala si anasa ya kuongezea mwishoni. Mwaka 1996 Barbara Wilson akafungua kituo cha Oliver Zangwill huko Ely, Uingereza. Mwaka huohuo, kwa sadfa, Bunge letu lilipitisha sheria ya kuanzisha MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ambako leo vichwa vya barabara ya Morogoro vinapasuliwa na kuokolewa. Hapa tumeanza na kisu. Siwezi kulalamikia hilo, maana maiti hapewi ushauri nasaha.

Swali la watu wengi, na lilikuwa langu pia: maneno yanafanyaje kazi kwenye ubongo uliovunjika? Kama waya umekatika, kuongea kunausaidia nini?

Jibu ni kwamba sonona ya baada ya ajali ina miguu miwili. Mguu mmoja ni waya wenyewe. Kichwa kikitikiswa kwa kasi, nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zinazohusika na hisia zinachanika, na mtu anapoteza ile breki na ule msukumo wa kuanza jambo. Mguu wa pili ni msiba. Mtu amepoteza kazi, amepoteza heshima ya kuitwa fundi, watoto wanamsemea, mke analipa ada. Amekufa mtu na hakuna tanga lililowekwa, kwa sababu maiti anatembea. Mazungumzo hayaungi waya. Yanashika mguu wa pili, na kwa kuwa miguu yote ni ya mtu mmoja, wa kwanza nao unapata nafuu ya mzigo.

Namna yake ni hii. Mtaalamu anamsaidia mgonjwa kutenganisha kilichopotea na anachodhani kimepotea. "Siwezi kazi tena" inavunjwa vipande: kipimo unakisahau, ndiyo. Randa je? Msumeno je? Kugundua mbao mbichi kwa kuinusa je? Halafu wanapanga kitendo kidogo cha kesho asubuhi, kidogo kiasi cha kuchekesha, na kukifanya bila kusubiri hamu ije. Watu wengi tunaamini moyo ukipona ndiyo mtu atafanya kazi. Katika tiba hii mtu anaanza kufanya, na moyo unakuja nyuma ukijivuta.

Ila kwa aliyeumia ubongo lazima tiba yenyewe ishonwe upya. Atasahau mlichoongea, kwa hiyo kinaandikwa kwenye daftari, au kinarekodiwa kwenye simu. Anachoka haraka, kwa hiyo nusu saa inatosha. Jambo moja kwa kikao, na linarudiwa. Mafumbo yanapunguzwa, maana wengine wanashindwa kuyafungua (kwa sisi watu wa Pwani hilo peke yake ni adhabu). Na ndugu anaitwa ndani, kwa kuwa mgonjwa mara nyingine hajioni alivyobadilika, halafu ni ndugu huyohuyo atakayemkumbusha nyumbani.

Inafanya kazi kiasi gani? Nisiwauzie dawa ya mnadani. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio yaliyokuwepo, yakakuta ni machache na madogo, hayatoshi kutoa kauli. Mwaka uliofuata kundi la Jennie Ponsford, Melbourne, lilionyesha nafuu kwa majeruhi waliopewa tiba iliyoshonwa upya namna hiyo. Hapo ndipo sayansi ilipo, inatia moyo na bado haijashiba.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu, japo hauhusu vichwa. Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, Ukimwi ulikuwa umewamaliza watu. Watafiti Paul Bolton, Helen Verdeli na wenzao walianza kwa kuuliza vijiji vyenyewe huzuni inaitwaje, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, yo'kwekyawa na okwekubagiza, la kujichukia na la kujihurumia. Lile la kwanza Carothers alisema hatuna! Kisha wakachukua vijiji 30, nusu vikapewa vikundi vya mazungumzo, saa moja na nusu kwa wiki, wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa hapohapo waliofundishwa wiki mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: waliobaki na sonona kwenye vikundi walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji visivyopata vikundi, asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, lilelile la kitabu cha 1953, likatoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi kwa yeyote anayeutaka.

Vikundi vile vilizungumzia mambo manne tu: msiba, ugomvi, upweke, na mabadiliko ya maisha. Sioni ni lipi kati ya hayo halimhusu aliyeumia kichwa.

Kwetu Tanzania tuna urithi wa majengo. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walijenga mwaka 1896 makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye pakageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, inayotajwa kuwa ya kwanza Afrika Mashariki. Mirembe, Dodoma, ilifunguliwa mwaka 1927. Jina zuri, la amani, na sisi tukaligeuza tusi: "wewe ni wa Mirembe." Ndiyo maana ukimwambia mama wa Ubena kwamba mwanawe aliyegongwa anahitaji mtu wa saikolojia, anasikia Mirembe. Atamtangulia mganga, na kusema kweli simshangai. Mganga yuko jirani, anaita familia nzima, anauliza mlikosana na nani, anampa mgonjwa kitu cha kufanya. Anachonikera ni kumpachika mtu lawama, jirani au mama mkwe, halafu unabaki na majonzi yaleyale na ugomvi mpya.

Dalili nzuri ninayoiona iko Moshi, KCMC. Pale watafiti na wauguzi wameandaa kitu kinachoitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Majeruhi akiwa bado hospitali, muuguzi aliyefundishwa anakaa naye, anaongea naye kwa Kiswahili kuhusu pombe na ajali, bila kumhukumu, mazungumzo mafupi tu. Lengo ni pombe, siyo sonona. Lakini nikiangalia kama mwandishi wa habari, habari ni kile kiti kando ya kitanda, kwamba kuongea kumehesabiwa kuwa kazi ya wodi ya majeruhi.

Safari ya mwisho niliyofika Ubena nilikaa na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Wana mwenyekiti, katibu na daftari la michango. Mwenzao akiumia kila mmoja anatoa chake, jina linaandikwa, pesa inapelekwa hospitali, na katibu ananionyesha kurasa zenye majina ya waliolazwa kwa fahari halali kabisa. Nikamwuliza kama kuna ukurasa wa waliorudi.

"Hao wanakuja wenyewe, kaka, wakijisikia."

Nikamweleza ya Rakai, watu wa kawaida, kikundi, wiki 16. Alisikiliza vizuri. Akauliza wale viongozi walifundishwa muda gani, nikamwambia wiki mbili. Akapiga hesabu kwa vidole, hesabu ya siku kwa siku anazompelekea tajiri wake wa pikipiki.

"Wiki mbili naweza," akasema, "ila hesabu ya tajiri nani atalipa?"

Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anauliza kweli, na kalamu ya daftari bado alikuwa ameishika.